Kabla hamjachanga pesa za kigoda cha nusukaputi ya wazazi

"Nataka kutapika." Hayo ndiyo niliyoyasema nikiwa nimelala chali katika chumba cha upasuaji hapa Nairobi, dakika chache baada ya kuchomwa sindano ya mgongo. Kijana aliyesimama upande wa kichwa changu hakuniletea beseni. Kabla hata hajaitazama mashine alikuwa ameshasokomeza shuka la kijani lililokunjwa chini ya nyonga yangu ya kulia, nikaegemea kushoto, na mkono wa pili unasukuma dawa kwenye mrija. Baadaye, mtoto akiwa kifuani, alinieleza: sindano ile hulegeza mishipa, presha huporomoka, na mimba ikilalia mishipa mikubwa ya damu mambo huzidi kuharibika. Kichefuchefu huwa kengele ya kwanza. Nikamuuliza ameyajulia wapi. Akacheka: "Kuna mwalimu alitupigia kelele mpaka yakaingia."

Mwalimu wa namna hiyo hapatikani kwa bahati. Lazima mtu alipwe afundishe, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana miaka kadhaa baadaye nilijikuta kwenye kamati ya kuchangia kiti cha uprofesa, yaani nafasi ya kudumu ya profesa, wa nusukaputi ya wazazi: fani ya ganzi na dawa za usingizi kwa mama anayejifungua, na ndiyo maana juzi binamu yangu aliponipigia kuniambia kikundi chao kinapanga harambee ya jambo kama hilo, nilimwambia asichapishe kadi kwanza. Sisi tulianza na harambee, na hapo ndipo tulipoharibu.

Wakenya tunajua kuchanga pesa za kuliwa: mazishi, harusi, bili ya hospitali. Pesa inaingia Jumamosi, Jumatatu imeisha, na hilo si kosa, ndiyo kazi yake. Tulipata milioni 3 na ushei kwa usiku mmoja, tukapiga picha na hundi kubwa ya karatasi, tukazitia kwenye akaunti ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Miaka miwili baadaye tulipouliza, tulionyeshwa ukumbi uliopakwa rangi, kompyuta mbili na risiti za safari ya mkutano. Hakuna aliyeiba. Barua yetu ilisema "kuendeleza afya ya mama", na rangi ya ukumbi nayo, ukiitetea vizuri, inaendeleza afya ya mama.

Aliyetutoa gizani ni mzee mmoja wa South C, mzaliwa wa Lamu, aliyekuja kwenye kikao kama mgeni wa mtu. Alitusikiliza tukibishana kuhusu "mfuko endelevu" na maneno mengine ya semina, akaweka kikombe chini. "Hiki mnachokitaka kwetu kinaitwa wakfu," akasema. "Mtu anatoa shamba la minazi kwa ajili ya msikiti. Shamba haliuzwi, mnazi haukatwi. Nazi ndizo zinazonunua mafuta ya taa." Tangu siku hiyo sijawahi kumweleza mchangiaji kwa njia nyingine. Dar es Salaam kiti chenyewe wanakiita kigoda; chuo kikuu chao kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere mwaka 2008. Neno hilo nimelipenda kuliko "kiti", kwa sababu ukisema kiti kuna mtu atauliza ni cha mbao au cha ngozi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi huchoka na kurudi nyumbani. Chukulia mnataka shilingi milioni 6 kwa mwaka: mshahara, msaidizi, na vifaa vya kufundishia. Mkiwa na nidhamu ya kutumia asilimia 4 tu ya mfuko, shina, yaani pesa zisizoguswa, linatakiwa liwe milioni 150. Mwekahazina wetu aliruka: kwa nini asilimia 4 na hati fungani ya serikali inaweza kulipa 13? Kwa sababu bei zinapanda, na mkila zote 13 mnakula mnazi. Mwaka 1990 dola ilikuwa kama shilingi 23. Leo ni karibu 129. Mtu aliyeweka wakfu wa shilingi milioni moja wakati ule akala faida yote, leo ana milioni ile ile, na midoli ya kufundishia kuingiza mrija kooni inauzwa kwa dola. Basi kinachozidi asilimia 4 kirudi shinani, hata mwaka ambao mtu analia.

Kazi ya pili ni kulinda jina. Andikeni "nusukaputi ya wazazi", neno kwa neno, kwa sababu fani hii humezwa upesi. Haikuanza leo. Mwaka 1936 Lord Nuffield, tajiri wa magari ya Morris, aliahidi kudhamini viti vya udaktari Oxford. Wakubwa wa chuo hawakuona haja ya profesa wa nusukaputi. Yeye akashikilia kwamba bila kiti hicho pesa hazitoki, na mwaka 1937 Robert Macintosh akawa profesa wa kwanza wa fani hiyo Ulaya. Mchangiaji akikuuliza daktari wa usingizi ana nini na mtoto, mwambie afungue kijitabu cha kliniki cha mwanawe, atafute alama ya Apgar, ile anayopewa mtoto mara tu anapozaliwa. Virginia Apgar, aliyeitunga mwaka 1952, alikuwa daktari wa nusukaputi. Hoja hiyo imenipatia pesa zaidi ya picha zote tulizopiga.

Jambo nililochelewa kuliona ni nani hasa atafundishwa. Shirikisho la dunia la madaktari wa nusukaputi hupendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Sisi Kenya hatufikishi hata mmoja. Usiku wa manane katika hospitali nyingi za kaunti, anayemdunga mama mgongo si daktari, ni afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea nusukaputi. Kijana wangu wa shuka la kijani alikuwa afisa wa kliniki. Mkataba usipomtaja mtu huyo, profesa wenu atafundisha wanaosomea udaktari bingwa pale Upper Hill, hapa Nairobi, na kuishia hapo.

Mengine nitayapitia haraka. Tafuteni wakili kabla ya kutafuta mgeni rasmi. Wadhamini waandikishwe kisheria ili mfuko usife nao. Andikeni pesa ziende wapi kigoda kikikaa wazi, kwa sababu kitakaa wazi. Na mchangiaji asichague profesa. Tulikuwa na mmoja aliyeahidi milioni 20, bwana mkarimu kweli, halafu kwenye chai akataja kwamba binti yake anamaliza masomo ya nusukaputi mwakani. Kamati ilinyamaza dakika nzima. Mimi ndiye niliyetumwa kumpigia simu, na hadi leo tukikutana mjini hunisalimia kwa kidole kimoja.

Hatujafika milioni 150, wala hatuko karibu. Tuna 11. Badala ya kungoja, tunatumia asilimia 4 yake, yaani 440,000 kwa mwaka, kumlipa mwalimu anayezunguka hospitali chache kufanya mazoezi ya dharura na zamu za usiku, saa ambazo hakuna bingwa karibu. Mwaka huu gari la kukodi lilikula fungu lake mapema, ikabidi safari ya mwisho ifanywe kwa matatu, mdoli amepakatwa kwenye kiti cha mbele. Kondakta alidai nauli ya watu wawili.