Vyungu vimebadilika, je watu nao walibadilika?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nasomaga sana habari za makaburi ya zamani, unakuta wameandika ufalme fulani ukaanguka wakaingia watu wengine. Sasa mi najiuliza wanajuaje kama waliingia watu wapya kweli au ni walewale wamebadili mambo yao tu? Mifupa si inafanana yote jamani?

JIBU: Haifanani bwana. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mfupa juu ya jicho, karibu na pua, wengi watagusa kibonyeo, ila kuna watu wana tundu kamili pale, na mwingine ana tundu kulia kibonyeo kushoto. Wengine wana vifupa vya ziada kwenye mishono ya fuvu, pale mifupa ya kichwa inapoungana. Haviumi, mwenyewe hata hajui anavyo, lakini kwa kiasi fulani vinarithiwa.

Ila usiokote fuvu moja ukasema huyu mgeni! Alama hizi zipo karibu kila jamii, kinachotofautiana ni wangapi wanazo, kwa hiyo wanahesabu alama nyingi kwa watu wengi wa kipindi kimoja halafu wanalinganisha na waliofuata, asilimia zikikaribiana ndo wanaanza kusema huenda hawa ni wajukuu wa wale.

Mimi naamini zaidi meno. Fuvu linaweza kubadilika umbo watu wakihamia kwenye vyakula laini, maana misuli ya kutafuna ikipungua kazi na mifupa ya uso inafuata, lakini jino likishaota umbo lake ndo hilo, labda lisagike au lioze. Wanaangalia nyuma ya meno ya mbele ya juu kama kingo zimeinuka mfano wa beleshi, au gego la juu kama lina kinundu upande wa ulimi.

Chukua Nubia, kaskazini mwa Sudan. Ufalme wa Meroe ulianguka karne ya 4 baada ya Kristo, makaburi na vyungu vikabadilika, wachunguzi wa mwanzoni mwa karne ya 20 wakaona hapa imeingia damu mpya, watu wenyewe wakaitwa Kundi X (jina la watu kweli hilo?), halafu karne ya 6 ukaja Ukristo. Miaka ya 1960 mtafiti David Greene akachunguza meno ya watu waliozikwa Wadi Halfa, hukohuko Nubia, ya vipindi vyote vitatu, Meroe, Kundi X na Wakristo, akakuta yanakaribiana sana. Dini na maziko vilibadilika, watu kwa sehemu kubwa walibaki palepale.

Tahadhari tu, majirani wanaooana nao hufanana, na ukichimba makaburi ya ukoo mmoja asilimia zinapotoka kabisa. DNA inasaidia kutenganisha hayo, shida sehemu zenye joto kali inaharibika haraka, ndo maana watu bado wanainamia meno na lenzi mkononi.