Ukitaka mtu wa kukaa naye tamashani Bagamoyo

Wiki iliyopita niliingiziwa ujumbe wa WhatsApp kutoka namba nisiyoijua. "Dada habari. Nakuja Bagamoyo kwenye tamasha na wageni wangu wawili wa kazini. Natafuta mtu wa kutoka naye siku tatu, awe mrembo, msafi, Kiingereza kinapanda, asiwe na mambo mengi. Bei si tatizo." Nikausoma mara mbili, nikamjibu: "Mdogo wangu, unatafuta mwenyeji au unatafuta mchumba wa siku tatu?" Tiki mbili za bluu, halafu kimya.

Simcheki. Wengi wanaonitafuta hawajui wanatafuta nini, na lawama si yao peke yao, maana hata sisi tunaoifanya kazi hii hatujaipatia jina. Muongoza watalii ana leseni na kitambulisho shingoni. Anakupeleka Kaole, anakuonyesha mabaki ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi, saa mbili zikiisha mnaagana. Vijana wa ufukweni nao wana jina lao. Unguja wanaitwa papasi, kama wale wadudu wanyonya damu, na aliyewaita hivyo naona alishang'atwa. Mimi nakaa na mgeni. Mtu anakuja kwenye tamasha, kwenye harusi ya bosi wake, au usiku wa taarabu, hamjui yeyote, hataki kuduwaa kama mtoto aliyepotea sokoni, basi ananilipa niwe mtu wake kwa siku ile. Mtaani kwetu Magomeni (ya hapa Bagamoyo, si ya Dar) wananiita mwenyeji wa kukodi. Wakitaka kunikera wanalitamka huku wanacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichonifundisha kwamba mambo yote yasemwe mapema. Yule kijana angeniandikia, "Nina wageni wawili, hawajui Kiswahili, nataka mtu awaeleze ngoma zinazochezwa, ale nasi chakula cha usiku, kisha aende kwake," ningeshampa jibu na bei. Neno "mrembo" likitangulia, najua tutapotezeana muda. Na hilo la "bei si tatizo" linanitia wasiwasi kuliko "dada punguza kidogo." Anayeomba apunguziwe anajua ananunua nini.

Kuna hoteli moja hapa mjini, sitaitaja, ambako nilimfuata mgeni wangu, mama wa makamo kutoka Arusha, ili twende naye ukumbini TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo. Mlinzi akanisimamisha getini. Akanitazama kuanzia ushungi mpaka kandambili, akaniambia wanawake wa kuja kuchukuliwa wanaandikwa kwenye daftari la pembeni. Nilikuwa nimevaa dera jipya, nimejifukiza udi, ukubwa wangu ni wa kumzaa yeye. Nikamwambia, "Mwanangu, hata shikamoo?" Mgeni wangu alipotoka aliona nimenuna, akauliza kuna nini, nikasema hakuna kitu. Nilikosea. Ningemwambia pale pale angenisemea. Tangu siku ile sharti langu kwa kila anayenikodi ni kwamba pale mapokezi ya hoteli aseme mwenyewe, kwa sauti ya kawaida: "Huyu ni mwenyeji wangu, nipo naye kikazi." Maneno hayo hayagharimu senti. Ukiona unashindwa kuyasema mbele za watu, rudi ukajiulize ulichonikodia.

Sasa utamjuaje anayefaa? Hili nilijifunza nikiwa upande wa pili, mimi ndiye mwenye kulipa. Mwaka mmoja nilikwenda Mwanza mwezi wa sita, nimesikia habari za Bulabo tangu utotoni kwa jirani yetu Msukuma. Bulabo kwa Kisukuma ni maua. Sherehe yenyewe imeshikana na sikukuu ya Wakatoliki ya Ekaristi Takatifu, na wengi huifuata Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma kule Kisesa, nje kidogo ya jiji. Nikajiambia, mimi nawauzia watu uenyeji kila mwaka, leo na mimi ninunue. Mtu wa pale nilipofikia akaniletea kijana mmoja nadhifu, viatu vinang'aa, anaongea kama mtangazaji wa redio. Nikampenda. Jiji lote akanitembeza vizuri, Jiwe la Bismarck tukapigia picha, sato wa kukaanga tukala, sina neno.

Bujora ndiko kilikonuka. Uwanjani makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, huku na huku, na umati unahama kama maji kwenye beseni. Nikamuuliza, "Hawa na wale wanatofautiana nini?" Akanijibu, "Wote Wasukuma tu, mama." Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu akageuka. Akanieleza kwamba huku ni Bagalu, kule ni Bagika, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa tangu zamani, kila kimoja na dawa zake na mbwembwe zake, na kwamba mshindi ni anayevuta watu wengi kwake. Yaani miguu yangu ilikuwa inapiga kura na mimi sina habari. Bibi mwenyewe alikuwa wa Bagika; alikuwa amesogea upande ule kupeleleza tu. Akanishika mkono tukavuka uwanja pamoja, na kule alikonipeleka nikamwona mtu anacheza na chatu begani kama mimi ninavyotupia mtandio. Kijana wangu tulimwacha anachezea simu. Jioni nikamlipa hela yake yote, maana ndivyo tulivyopatana, lakini niliyefurahi naye ni yule bibi, ambaye alikataa hata soda.

Kwa hiyo kabla ya kumchukua mtu, mwulize jambo ambalo mkazi wa pale hawezi kulikosea. Kwa hapa Bagamoyo mimi nakupa la kumnasia: mwulize Livingstone aliishi nyumba gani. Akianza kukuonyesha nyumba, mwage. David Livingstone hakuwa na makazi hapa. Alifariki 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, na watumishi wake, akina Chuma na Susi, wakaubeba mwili wake mpaka pwani. Ukalala hapa misheni usiku mmoja, Februari 1874, ndipo ukavushwa kwenda Unguja. Mnara uliopo misheni una jina lake kwa sababu ya usiku huo mmoja. Mwulize na maana ya jina Bagamoyo. Wapo wanaosema ni kubwaga moyo kwa raha, mpagazi katua pembe za ndovu na safari ndefu imekwisha. Wapo wanaosema ni moyo wa mtumwa, anaubwaga kwa kukata tamaa kabla ya kupandishwa jahazi. Mwenyeji mzuri atakupa zote mbili na kukuambia yeye anaegemea ipi. Anayekupa moja kwa haraka, tena ile ya kuliza watu, ameshaona mkoba wako.

Kingereza si kigezo, jamani. Nimeona watu wenye kingereza cha kumwagika wanawapeleka wageni kukaa safu ya mbele iliyotengwa kwa wazee, halafu wanaondolewa mbele ya halaiki.

Na ukishampata, mwachie nafasi akuambie "hapana." Ndiyo maana umemlipa. Nilikuwa na mgeni, mwanamke wa Kiholanzi anayeishi Dar, mtu mwema sana, tulialikwa harusini Dunda. Nikamwambia nitamchagulia kanga. Akasema hapana, ameshanunua mwenyewe Kariakoo, ni mshangao. Kweli ulikuwa mshangao. Kashuka kwenye bajaji kajifunga kanga nzuri ya njano, nyuma imeandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Na ile harusi, kila mtu mtaani alijua, mama wa bwana harusi alikuwa ameipinga miezi sita kwa mdomo wake wote. Wanawake wakaanza kusukumana viwiko. Mama mwenyewe akaamini upande wa biharusi wamemtuma mzungu amrushie kijembe. Nilimvuta mgeni wangu chooni nikamgeuza kanga ndani nje, maandishi yakabaki yanasomeka kinyumenyume, na mpaka leo nikipita mtaa ule naulizwa yule mzungu wako mwenye maneno yuko wapi.

Mavazi mengine sina haja ya kuyasema sana. Mji wetu una misikiti mingi, funika mabega. Kaole kwenye kaburi la Sharifa watu wanakwenda kuomba dua, vua viatu na usiulize kama inafanya kazi.

Kutunza ndiko kunakowashinda wengi. Mwimbaji wa taarabu akikugusa moyo, unanyanyuka, unakwenda unacheza taratibu, unamtunza noti mkononi au unamwekea kichwani, unarudi. Hutupi. Mgeni wangu mmoja, mfanyabiashara, aliona wenzake wanatunza akatoa bunda la elfu kumi kumi akalirusha juu kama yupo klabu. Hela zikaokotwa na watoto, mwimbaji akamgeuzia mgongo beti nzima. Njoo na noti za elfu moja na elfu mbili, chenji uivunje mapema kwa wakala, na mwenyeji wako akikufinya ujue zamu yako imefika. Mdundiko ukipita barabarani hapo ni habari nyingine, ngoma ya Wazaramo ile haina kiti wala tiketi, unaingia nyuma unafuata. Ila mwulize mwenyeji inaelekea wapi na ni ya shughuli gani, maana mara nyingi kuna mwali anayetolewa, na kule ndani mwanamume haingii wala simu haipigi picha.

Nije kwenye hela, na hapa nitajisema mwenyewe. Maduka ya vinyago na picha karibu yote yanampa mwenyeji cha juu. Unaleta mteja, ananunua, jioni unapita kuchukua fungu lako. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nakula cha juu bila haya. Siku moja mgeni wangu, kijana wa Kitanzania aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya miaka mingi nje, alinunua picha ya Tingatinga kwa bei ambayo mimi naijua ni maradufu. Akanigeukia, "Dada, nimepigwa au nimepata?" Nikasema umepata. Usiku nikatumiwa cha juu changu kwenye simu, nikakitazama. Sikukirudisha, siwadanganyi, nilikuwa na ada ya mtoto. Lakini yule kijana aliniamini akanitangaza kwa marafiki zake, na kila aliyenipigia akisema "nimeelekezwa na fulani" nilikuwa nasikia ile "umepata" yangu masikioni. Siku hizi nataja bei ya siku nzima iliyo kubwa kidogo, na dukani nasimama nje. Nawe usione aibu kumwuliza wako: "Hapa una cha juu?" Mkweli atacheka. Mwingine atakasirika, na hasira yake ndiyo jibu.

Mimi nachukua Sh 60,000 kwa siku ya kawaida na Sh 80,000 siku za tamasha, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nne usiku. Wapo wa chini yangu, wapo wa juu. Nusu inatangulia, na ukituma, tuma na ya kutolea. Chakula mnachokula pamoja ni juu yako, na usiniulize mbele ya mhudumu kama nina njaa. Nauli ya kurudi kwangu nayo ni yako, hasa usiku. Hili la saa niliwahi kulichukulia kirahisi nikajuta: onyesho liliisha karibu saa sita, mgeni akataka tuendelee na baa ya ufukweni, nami sikuwa nimetaja mwisho wa kazi. Nikiondoka namwacha peke yake, nikibaki mume wangu nyumbani ananiandalia hotuba. Nilibaki. Hotuba niliipata, bodaboda ikanichaji mara tatu, na mgeni asubuhi akalalamika kwamba nilikuwa nimenuna. Kila mmoja alikuwa na haki yake.

Mwanamke anayetaka kuianza kazi hii, nakuomba jambo moja tu: kutaneni mara ya kwanza mahali penye watu, mchana, na mtu wa kwenu awe anajua uko na nani. Mimi humpigia dada yangu mbele ya mgeni na kumtajia jina lake na hoteli yake. Mwenye nia njema haoni tabu, wengine hata humsalimia.

Tamasha miaka ya karibuni limekuwa likiangukia Oktoba au Novemba, na vyumba mjini huisha kabla wenyeji hatujaisha. Yule mwenye "bei si tatizo" bado hajanijibu. Watu wa aina yake nawajua, hunirudia Alhamisi ya wiki yenyewe ya tamasha, "Dada bado upo?", na Alhamisi hiyo mimi huwa nimekaa safu ya tatu na mgeni wa mtu mwingine, simu nimeizima sauti.