Mwanangu, kuhusu ile Prado

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti pale barazani ili mama yako naye asikie. Unauliza kama shilingi milioni 45 ni bei ya haki kwa Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 2006, yenye injini ya petroli ya lita 2.7, ambayo mzee mmoja wa huko Tabata, Dar es Salaam, anaiuza. Kisha umeongeza kwamba dalali amekunong'oneza kuwa mzee huyo anauguza mke wake, na kwamba ukimbana kidogo atashuka hadi 36. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nianze na gari lenyewe. Dalali anakusifia kwamba ni "namba E", yaani herufi za kibao chake zinaanza na E. Herufi za kibao hueleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini, wala hazielezi liliundwa lini. Gari la 2006 lina umri uleule hata kama lilisajiliwa juzi. Omba kadi ya usajili wa gari, uhakikishe kwamba jina lililomo ni la mzee mwenyewe na kwamba namba ya chesisi inalingana na ile iliyogongwa kwenye fremu. Usiamini mita ya kilomita peke yake, bali tazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani, kwa maana hivyo huchakaa kwa kadiri gari lilivyotumika, na havirudishwi nyuma kwa urahisi kama mita. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za pili ni mwaka tairi lilipotengenezwa.

Na lile ninalowaambia tangu mkiwa wadogo: gari hununuliwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Mpigie mzee simu usiku, umwombe asiliwashe kabla hujafika, kisha ufunue boneti na kuigusa injini kwa kiganja chako mwenyewe, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha kuwaka kwa shida na moshi wa bluu wa mwanzo. Fungua rejeta wakati huo huo wa ubaridi, kwani ikiwa ya moto itakuunguza. Ukikuta maji yana rangi ya chai ya maziwa, ujue oili imeingia humo, uage kwa adabu na uondoke.

Kuhusu hizo milioni 45, kumbuka kwamba gari likiisha kuingia nchini hubeba kodi ndani ya bei yake. Kwa injini kubwa kama hiyo kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 inayokokotolewa juu ya hayo yote, na ushuru wa uchakavu kwa magari yaliyozeeka. Aliyeyalipa hayo hawezi kuyasahau anapotaja bei, nawe usimwone mwizi kwa hilo.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kuwaeleza. Ninyi mnalikumbuka lile gari la kijani mlilolipa jina la Kinyonga, mlilolala ndani yake safari zote za Krismasi, na ambalo mdogo wako alililia siku lilipouzwa. Nililinunua mwaka 2003 kwa mjane wa mwalimu mwenzangu, miezi minne baada ya mazishi. Nilikwenda asubuhi, injini ikiwa baridi, nalo likawaka kwa mara moja, likatulia kama saa. Mama yule alitaja milioni 9. Nilijua kwamba ni bei yake, kwa kuwa wiki mbili nzima nilikuwa nimeulizia magari kama hilo mjini. Hata hivyo nikaanza kumwonyesha shokapu inayovuja, bushi zilizolegea na tairi zilizokwisha, mambo ambayo yote kwa pamoja yasingefika laki sita kuyatengeneza, naye asiyejua gari hata kidogo akawa anatikisa kichwa na kusema, "Marehemu hakuniambia." Nikampa milioni 6 na nusu. Alizihesabu mezani, akatenga za ada za watoto papo hapo mbele yangu.

Mara nyingi nimejitetea moyoni kwamba sikumlazimisha, kwamba mnunuzi wa kabla yangu alitaka kumpa 5, na kwamba nami nilikuwa na watoto watatu wa kusomesha. Hayo yote ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba nilikwenda kule kama rafiki wa mumewe, nikaongea kama dalali. Bei nafuu niliipata, ya haki sikuitoa, na kila nilipomwona kanisani niliketi upande wa pili.

Kwa hiyo swali lako la milioni 45 nalijibu nusu tu. Likiwa zima, mimi ningeona 45 ni juu kidogo, na 36 ni chini mno. Kati ya hapo nina namba yangu, na mama yako ananiambia niiandike, lakini naogopa kwamba nikiitaja utakwenda nayo mezani kama silaha kabla hujaliona gari. Siitaji, ingawa mkono unaniwasha. Kila kasoro utakayoiona, mwulize fundi wako gharama yake halisi, uitoe hiyo tu kwenye bei, wala usitoe hata shilingi moja kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe.

Jumatano nitapanda basi kuja huko. Mwambie mzee kwamba tutafika Alhamisi saa moja asubuhi, na kwamba tunamwomba gari asiliwashe.

Baba yako
Moshi