Re: Premio km 210,000, D inachelewa: nibadili oili ya gia au niiache?

Mkuu, salama? Ukiweka D (ya kwenda mbele) gari inachelewa kushika, na mafundi wako hapa Dodoma wanapingana: mmoja anataka kuflashi (kusukuma oili yote ya zamani itoke kwa mashine), mwingine anasema usiguse kabisa.

Anza na kijiti cha kupimia oili ya gia. Injini ikiwa ya moto na inawaka, pitisha gia zote taratibu, rudisha P (ya kuegesha), ndipo upime. Futa kwanza vumbi pale mdomoni, maana vumbi letu halitakiwi humo. Yangu ilichelewa hivyohivyo, kumbe oili ilikuwa chini, sili ya upande wa tairi la mbele inavuja. Oili ikiwa ya kahawia lakini hainuki, badilisha. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, gia boksi yenyewe imechoka, oili mpya haitaifufua.

Flashi ya mashine kwa gari la umri huo siiungi mkono. Mwaga ya kwenye sampu tu (bakuli la oili chini ya gia boksi), pima iliyotoka, rudisha kiasi hichohicho, endesha wiki kadhaa, rudia, kwa sababu nyingine nyingi hubaki kwenye toki konveta, kile kifaa kinachounganisha injini na gia boksi. Sampu ikifunguliwa uwepo: ute wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya chuma hapana. Na nunua oili iliyoandikwa kwenye kijiti; T-IV, oili ya gia otomatiki za kawaida, haiingii kwenye CVT (gia boksi ya mkanda), hata muuza duka akikuapia.