Kukaza mtutu wa Mauser 98
Ndugu, umeuliza mtutu mpya wa Mauser 98 ukazwe kwa toki ngapi, yaani nguvu ya kuzungusha spana. Toki ni jambo la pili. Kwenye bunduki hii, kinachotakiwa kugota ni kitako cha mtutu, yaani mwisho wake wa nyuma, kwenye ile pete ya ndani ya risiva, mwili wa chuma ambao mtutu hufungwa ndani yake. Bega la nje la mtutu lisibebe mkazo. Paka rangi nyembamba kwenye kitako, kaza kwa mkono, fungua, uangalie alama. Ikiwa imegusa upande mmoja tu, toki yoyote itakudanganya. Safisha nyuzi, paka grisi kidogo, kisha vuta taratibu bila kushtua spana. Mtutu ubanwe kwenye jiliwa, risiva ishikwe kwa spana yake inayokumbatia sehemu ya mbele. Ukipitisha chuma katikati yake utaipinda, tafadhali usifanye hivyo.

Halafu geji, vile vipimo vya chuma vya kukagua nafasi ya risasi ndani ya mtutu, hapa nakusihi. Toa springi ya pini ya kufyatulia na kucha ya kuvutia maganda, weka geji, ufunge bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, kwa vidole viwili: geji fupi ikubali, ndefu igome. Ikikubali ndefu, usifyatue hata risasi moja, ganda linaweza kupasuka na gesi ikakurudia usoni. Ipeleke kwa fundi bunduki mwenye leseni.