Barua za Wasomaji: Chuo kilifungwa, mimi sikurudi

SWALI: Assalamu alaikum Dada. Mimi ni kijana wa Nungwi. Mwaka 2020 nilikuwa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja Dar es Salaam, nasomea ualimu wa hesabu. Corona ilipoingia tukafungiwa, nikarudi kwa baba. Yeye alikuwa akipeleka watalii Mnemba. Wageni wakakatika, boti ikavutwa pwani, nami nikaanza kuuza samaki. Nikawa ndiye mleta unga. Vyuo vilipofunguliwa sikurudi: mwanzo ilikuwa nauli, baadaye ikawa aibu. Sasa nina mke na mtoto, na wenzangu wanafundisha. Nikirudi sitaonekana mjinga?
Muuza Samaki, Nungwi

JIBU: Waalaikumu salamu, kaka yangu. Mwaka ule na mimi nilikuwa Dar, mwaka wa tatu. Vyuo vilifungwa tarehe 18 Machi, vikafunguliwa tarehe 1 Juni, wiki moja na siku baada ya Idi. Watu husema miezi miwili na nusu si kitu. Waulize waliokuwa nyumbani! Mgeni siku ya tatu mpe jembe, na mimi nilipewa langu. Kwetu ni shamba, nje ya Wete, kule Pemba. Kukuna nazi, kumenya majimbi ya futari, kuchota maji. Mtandao ulishika chini ya mwembe mmoja tu, na ilikuwa masika. Mwalimu alitutumia picha za kurasa 40 za takwimu. Bando likaisha nimefungua kama kumi hivi, mvua ikanifukuza.

Niliporudi bwenini, godoro limeota ukungu. Nikafungua daftari la takwimu. Hesabu ya mwisho ilifika kwenye alama ya sawasawa, halafu karatasi nyeupe. Nikakaa nikiitazama alama ile, sikumbuki hata nilikuwa natafuta nini. Muhula ukabanwa, mitihani ikaja mbio, takwimu nikapata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Na mimi baba yangu alikuwa na kazi. Wewe ulikuwa unalisha nyumba, basi usijihesabu mvivu.

Kuhusu mjinga: dawati langu nilikaa na mwalimu wa skuli ya msingi, mtu mzima mwenye wajukuu. Tulikuwa tukimgombania, maana daftari lake ndilo pekee lililokamilika.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni faili lako. Uliandika barua ya kuahirisha masomo? Nadhani hukuandika, wengi hatukujua kama kuna barua hiyo. Kama hakuna, huenda chuo kimekuandika kuwa uliacha masomo, na hapo mlango ni mwingine: pengine utaambiwa uombe upya. Panda boti ya asubuhi, nenda ofisi ya usajili na namba yako ya zamani. Usiulize "naweza kurudi?" wakakujibu kwa mdomo. Omba matokeo yako ya muda wote uliosoma, kisha uliza kozi ulizofaulu zitahesabiwa au muda wake umepita. Jibu likija kwa maandishi ndiyo utajua unaanza mwaka wa kwanza au unaendelea. Ukiambiwa uanze mwanzo, uliza pia vyuo vya hapa Unguja. Ukisoma Tunguu, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), utalala kwako. Na kama ulichukua mkopo, pita bodi ya mikopo ujue deni limefika wapi. Lile halikufungwa na corona.

Biashara ya samaki usiiuze kwanza. Ada inataka mtu mwenye kipato, na wewe unacho, jambo ambalo ulipokuwa chuoni hukuwa nalo.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili, mkeo umemtaja mara moja tu. Yeye analijua hili, au mimi ndiye wa kwanza kuambiwa?