Jibu: Kwa nini Swakopmund ni jangwa na Rio de Janeiro ina mvua?

Habari ndugu. Umeuliza inakuwaje miji miwili iliyo pwani, Rio de Janeiro ya Brazil na Swakopmund ya Namibia, yote karibu nyuzi 23 kusini mwa Ikweta, mmoja upate mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka na mwingine usifikishe hata 50. Nami nilikwama hapohapo, kwa sababu nilikuwa natazama latitudo peke yake.

Anza na mkondo wa bahari. Rio inapitiwa na mkondo wa Brazil, wenye maji ya moto yanayotoka upande wa Ikweta. Swakopmund ina mkondo wa Benguela, maji baridi yanayopanda kutoka kilindini. Hapo ndipo penye siri: hewa iliyogusa maji hayo inapoa na kuwa nzito, huku juu yake kuna hewa ya joto inayoshuka kutoka angani. Ile ya chini haiwezi kupanda, na hewa isiyopanda haileti mvua. Unyevu upo tele, ila unaishia kuwa ukungu. Wapo mbawakawa wa Namib, jangwa la pwani hiyo ya Swakopmund, wanaokunywa ukungu huo uliotonea mgongoni mwao!

Kisha angalia pepo. Pepo za kusini-mashariki zinafika Rio zikitoka baharini. Namib zinafika zimeshavuka bara na kumwaga maji yake njiani.

Jipime kwa Atacama, jangwa la pwani ya Chile, na mkondo wake baridi wa Humboldt. Kwenye ramani, chora mishale ya mikondo na pepo kwanza, ndipo upake rangi za maeneo ya tabianchi.